Mpira wa hewa: wa kawaida, silikoni au bomba la alumini?

MwanaMambrui
Salamu wana-Malindi. Mpira wa kupitisha hewa kutoka kwenye filta kwenda injini umechoka, na gari halivuti. Alfajiri nikitoka Mambrui linakwenda vizuri. Saa nane mchana nikirudi, kufika daraja la Sabaki naliona zito. Kesho naenda Mombasa kununua. Nichukue upi?

FundiBarani
Gari gani? Injini gani? Taa ya injini imewaka? Unataka dawa na ugonjwa hujautaja.

Kaskazi81
Alumini, ndugu yangu. Haipasuki. Yangu ina mwaka wa pili, na sauti yake ikivuta hewa ni tamu.

BintiShella
Alumini kwa joto hili la kaskazi? Ya kaka yangu nilishindwa hata kuigusa. Hewa ikipata moto hutanuka, oksijeni inayoingia silinda inapungua. Ikitoka nyuzi 30 ikafika 60, umepoteza karibu asilimia 9. Tena kompyuta ya gari ikiona hewa ni ya moto huchelewesha cheche ili injini isigonge. Ndio uzito huo wa saa nane.

Kaskazi81
Hapo gari limesimama. Likiwa mwendoni hewa hupita bombani kufumba na kufumbua, itapata moto saa ngapi? Joto huingilia mdomoni, pale hewa inapovutwa. Mdomo ukiwa nyuma ya rejeta, hata mpira hautakusaidia.

BintiShella
Na mjini, tuktuk mbele tuktuk nyuma, mwendo huo unaupata wapi?

MwanaMambrui
Samahanini. Ni Toyota Premio 240, injini ya 1.8. Taa iliwaka wiki jana, ikazima yenyewe.

FundiBarani
Sasa tunaongea. Hiyo ni injini ya 1ZZ. Sensa ya kupima hewa iko kwenye kifuniko cha filta, kabla ya mpira. Mpira ukiwa na ufa, injini inavuta hewa ambayo haikupimwa, petroli inakuwa kidogo, gari linakohoa. Lipeleke likasomwe, uone kama kuna P0171, kodi ya hewa nyingi petroli kidogo. Na huo mpira uuvue, uukunje kwa mikono, uangalie mikunjo ya upande wa chini.

MsafiriMarafa
Silikoni nakukataza. Nilinunua wa buluu, wa bei rahisi. Siku ya tatu natoka Marafa na maembe, kila nikikanyaga mafuta gari linakata pumzi, nikiachia, linarudi. Nikabadilisha plagi, nikabadilisha filta ya petroli, wapi! Mwisho nikafungua boneti, mwanangu akakanyaga mafuta. Nikauona mpira unabonyea ndani kama mashavu ya mtu anayevuta dafu kwa mrija. Ndani haukuwa na kitambaa hata kidogo. Isitoshe, pale unapoingia mrija wa mvuke wa oili ulikuwa umevimba, kidole kinanata. Muuzaji akaniambia nimeufunga vibaya. Pesa yangu ilipotea hivyo hivyo.

Kaskazi81
Huo ulikuwa feki, mzee wangu. Silikoni nzuri ina kitambaa, tabaka kwa tabaka.

FundiBarani
Hata nzuri, silikoni tupu haipatani na oili. Hilo la mrija ni kweli.

BintiShella
Chochote utakachochukua, nunua na klipu zisizoshika kutu. Kwa chumvi ya huku zile hafifu zinaoza upesi, hewa inapita pembeni.

Gede_Dereva
Mzee MsafiriMarafa, barabara ya huko siku hizi ikoje? Nina wageni wa kupeleka Nyari, yale makorongo ya Marafa, Jumamosi, na gari langu tumbo liko karibu na ardhi.

MsafiriMarafa
Nenda polepole, utafika. Ukirudi kung'uta filta, vumbi lile halina huruma.

MwanaMambrui
Nimeuvua. Kwa juu ni mzima. Nilipoukunja, mkunjo wa tatu chini ukafunguka ufa wa urefu wa kidole, na mchanga mwekundu umejipanga ndani yake. Sasa kuna wa kutoka Japani uliotumika, na kuna mpya kwa bei karibu mara tatu. Huo uliotumika utafaa?

FundiBarani
Unaweza kuwa na umri sawa na huo wako. Ukunje mbele ya muuzaji kabla hujatoa pesa.

Kaskazi81
Alumini haikunjwi.