Yule fundi saa mnayemjua nyote kanifutia jina la babu, halafu kaniambia "jitizame"

Mjukuu_wa_Mkunazini:

Nimetoka kwake sasa hivi, mikono inanitetemeka, nikikosea herufi mtanisamehe. Simtaji. Hana haja ya kutajwa. Kila mwenye saa Unguja hii anamjua: yule wa redio isiyozimwa, anayetua kikombe cha kahawa juu ya saa za watu, na "njoo kesho" yake ya tangu hatujazaliwa. Ndiye yeye.

Nilimpelekea Seiko 5 ya marehemu babu. Ile ya mashine 7009, vito 17, kaletewa na nduguye kutoka Maskati. Haikuwa na maradhi makubwa. Imelala kabatini tangu mzee afariki, mafuta yameganda, ukiivaa asubuhi inakwenda mpaka Laasiri inasimama. Nikamwambia kwa Kiswahili, si kwa Kijapani: fungua, safisha, tia mafuta, funga. Kioo kina mikwaruzo, kiache. Mkanda umelegea, uache vivyo hivyo.

Basi nenda rudi. Njoo kesho, njoo baada ya Ijumaa, ami yuko mazikoni. Mazikoni! Kwa mazishi aliyokwenda mtu huyu, Mji Mkongwe ungebaki na paka peke yao.

Leo kaniita mwenyewe. Kaitoa kwenye kipande cha gazeti, kaipindua mgongo juu, kanisogezea mpaka usoni, meno yote nje: "Haya mwanangu, jitizame."

Jitizame!

Mgongo wa saa unang'aa kama sinia la pilau ya harusi. Kumbe kampa jirani yake sonara, wakaipiga ile mashine ya kung'arishia dhahabu. Pale pahala palikuwa na jina la babu, kaliandika kwa mkono wake, kwa ncha ya msumari, herufi za Kiarabu, na chini yake "Shaaban 1400". Alipofika kwenye nukta ya jim msumari ukamteleza, nukta ikatoka na mkia mpaka ukingoni. Nikiwa mdogo akinipakata barazani, nikipitisha ukucha kwenye ule mkia, tiki, tiki, mpaka ananifukuza. Leo nimepitisha ukucha, unateleza tu. Hata namba ya kiwanda imebaki kivuli, ile iliyoanza na 04, yaani mwezi wa nne wa mwaka 1980. Nimeinama nitafute jina la babu, nimeona pua yangu. Pua!

Namwambia umefuta jina. Ananiambia: "Jina lipi? Ile si ilikuwa michubuko? Nimekutolea."

MICHUBUKO. Halafu kaniongezea elfu kumi ya kung'arisha. Nani kamwagiza? Namuuliza, kapandisha kile kidarubini chake kwenye paji la uso ananirudia tena, taratibu, kama anayenibembeleza nile uji: "Wewe jitizame kwanza. Ukishajitizama utafurahi."

Nimejitizama! Nimeona pua!

Asipelekewe kitu mtu huyu. Asipewe hata saa ya ukutani. Mkipita pale msimuulize hata saa ngapi.

Urojo_Baridi:

Povu hili tunafua kanzu za Idi za mji mzima na linabaki. Mie nimekaa paleee na kahawa yangu, endeleeni.

Karafuu_Kavu:

Namjua mno. Mie nilimpelekea Casio ya namba kubadilisha betri, kanirudishia kaniambia "na mafuta nimekutilia." Casio ya namba! Haina mshale, haina gurudumu. Mafuta kayatia wapi? Kila nikitoka jasho naona namba zinaogelea.

Bint_Kikwajuni:

Pole dada. Lakini tuulizane kwanza, saa inakwenda au haiendi?

Mjukuu_wa_Mkunazini:

Inakwenda. Si hoja hiyo!

Bint_Kikwajuni:

Kwa hiyo katengeneza.

Mjukuu_wa_Mkunazini:

Kaniambia JITIZAME, dada. Nusu ya mtaa imekaa pale inasikia. Mpaka muuza kahawa kasogea akajitizame na yeye.

Urojo_Baridi:

Muuza kahawa kaona nini?

Mjukuu_wa_Mkunazini:

Kasema kumbe anahitaji kunyoa.

Kamani_Mbovu:

Tulieni nizungumze kitaalamu. Saa ya zamani haing'arishwi. Ukishaipiga mashine, kingo zinalika, maandishi yanakufa, na bei inakufa pamoja nayo. Zile Rolex alizokuwa akizawadia Sultan Qaboos, zenye nembo ya hanjari, wakusanyaji wanazigombania minadani kwa pesa ya nyumba. Na kitu cha kwanza wanachotizama ni kama chuma kimeguswa au hakijaguswa. Mikwaruzo wanaitaka. Msumari wa mzee ndiyo ulikuwa uzuri wenyewe.

Urojo_Baridi:

Mkuu, Rolex ya Sultani na Seiko ya babu wa Mkunazini wapi na wapi?

Kamani_Mbovu:

Nafundisha. Asiyetaka apite.

Mjukuu_wa_Mkunazini:

Asante Kamani, angalau mmoja ana akili humu. Na jengine nilisahau kusema. Dirisha la siku lilikuwa likiandika Kiarabu. Siku zote tangu nijue kusoma Ijumaa imeandikwa Kiarabu. Leo nimefika nyumbani, FRI. Kanichomolea gurudumu la siku kaniwekea la saa nyengine. Mwizi juu ya kuwa mharibifu!

Kamani_Mbovu:

Hapo hajachomoa kitu. Hizo saa za soko la Ghuba gurudumu la siku lina lugha mbili zimepishana, moja Kiarabu, moja Kiingereza. Vuta kile kichwa cha pembeni hatua ya kwanza, zungusha upande wa siku, Kiingereza kitapita na Kiarabu kitakuja. Ila usifanye baina ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri. Wakati huo meno ya tarehe yameshaanza kushikana, ukilazimisha utavunja, na utarudi kwa yule yule.

Urojo_Baridi:

Akakwambie jitizame.

Mjukuu_wa_Mkunazini:

Hata kama! Kaigusa ya nini?

Mpemba_wa_Wete:

Nyinyi Waunguja mnadeka. Mna fundi wa kumtukana. Sie huku wa kwetu kaacha saa zamani, anatengeneza simu, ukimpelekea saa anakuuliza chaji yake iko wapi. Yangu nilimpa mtu wa boti aipeleke Darajani, ikaenda na mzigo wa mtu mwengine. Mtu wa boti anasema kaitoa Malindi, mpokeaji anasema kapokea maboksi ya ndimu. Miye natafuta saa kwenye ndimu.

Karafuu_Kavu:

Boti ile ile iliyochelewesha dengu zangu?

Mpemba_wa_Wete:

Iyo iyo.

Karafuu_Kavu:

Basi ishaliwa hiyo.

Kofia_ya_Viua:

Hayo ya saa na boti madogo. Nani kashonewa na yule fundi charahani wa karibu na Michenzani? Msijifanye hamumjui. Mfungo mosi nimekwenda kuchukua kanzu ya Idi, usiku, mwezi umeshaonekana. Naivaa, mkono wa kulia unafika kiganjani, wa kushoto unaishia chini ya kiwiko kidogo. Namuuliza hii nini? Anipigia hesabu pale pale: "Mkono wa kushoto si ndio wa saa? Nimekupunguzia ionekane."

Bint_Kikwajuni:

😂😂😂 Wallahi huyu ndiye. Mie kanishonea buibui lina mfuko kifuani. Kasema wa simu.

Urojo_Baridi:

Kofia, saa yenyewe unayo?

Kofia_ya_Viua:

Sina.

Urojo_Baridi:

Kuna mwenzako hapa ana saa hana jina, wewe una mkono huna saa. Oaneni.

Mjukuu_wa_Mkunazini:

Jamani, jim yangu!

Soko_Huru_Unguja:

Wanaohitaji saa nje ya mgogoro huu, ninayo Seiko 5 ya otomatiki, uso kijani cha kasuku, safi kama mpya, imetoka Mumbai. Laki moja na ishirini, maelewano yapo. Jina la babu unaandika mwenyewe.

Kamani_Mbovu:

Msinunue. Hiyo nimeiona kwenye picha zake. Uso umepakwa rangi upya, herufi za Seiko zimekaa upande, na ndani wameunganisha vyuma vya saa tatu mbalimbali. Zimejaa sokoni hizo. Inatembea wiki mbili, halafu unajua utapelekwa kwa nani.

Soko_Huru_Unguja:

Wivu. Laki moja.

Mjukuu_wa_Mkunazini:

Nimempigia sasa hivi kumwambia anirudishie elfu kumi yangu. Unajua kanijibu nini? "Kwani hukujitizama?"

Mpemba_wa_Wete:

Dada, hiyo namba yake nipe, nimtumie ya kwangu ikipatikana.

Bint_Kikwajuni:

Tuacheni utani. Kofia, huyo fundi charahani kwa kanzu ya mtoto anachukua ngapi? Wengine wote nimewauliza bei haishikiki.

Kofia_ya_Viua:

Elfu ishirini na kitambaa chako. Lakini kipeleke Rajabu ukitaka kuvaa Idi.

Bint_Kikwajuni:

Na mikono?

Kofia_ya_Viua:

Mwambie mtoto havai saa.