Nikikataa kazi ya dola 17 nikiwa kwenye mafao ya Texas, nitakatwa?

FoklifitiFW
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, jibu linatakiwa kesho kutwa. Niko Fort Worth. Nilipunguzwa ghalani nikiwa dereva wa foklifti, zamu ya mchana, dola 22 kwa saa. Hii ni wiki ya tano sina kazi, na Texas Workforce Commission (TWC), idara ya jimbo inayolipa mafao ya kukosa kazi, wananilipa dola 440 kwa wiki. Sasa wakala mmoja wa ajira amenipigia: kupakia maboksi usiku, dola 17, maili 40 kutoka ninapokaa. Nikikataa, mafao yanakatika? Na je, ni lazima niwaambie TWC, maana ilikuwa simu tu?

MzeeWaMakaratasi
Kaka, nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo lenye hatari. Usinyamaze. Unapoomba malipo kila baada ya wiki mbili, utaulizwa kama ulikataa kazi. Jibu ndiyo, hata kama sababu yako ni nzuri. Ukijibu hapana kisha ikabainika, mjadala hauwi tena wa kukataa kazi, unakuwa wa udanganyifu: unarudisha ulicholipwa, unaongezewa adhabu ya asilimia 15, na mafao yaliyobaki katika mwaka wako wa mafao yanafutwa.

Kuhusu dola 17: sheria ya Texas haikulazimishi kupokea kila kazi, inataka upokee kazi inayokufaa. Wanaangalia hatari kwa afya na usalama, uwezo wa mwili na mafunzo yako, uzoefu na mshahara wa zamani, muda uliokaa bila kazi, matumaini ya kupata kazi ya fani yako hapo ulipo, na umbali. Kwenye mshahara TWC wana kipimo cha namba. Wiki 8 za mwanzo bila kazi unatakiwa uwe tayari kupokea asilimia 90 ya mshahara wako wa kawaida. Zikipita, kinashuka hadi asilimia 75.

Piga hesabu: asilimia 90 ya 22 ni dola 19.80. Leo 17 iko chini ya hapo. Asilimia 75 ni dola 16.50. Maana yake kazi hii hii, mshahara huu huu, ikikujia wiki ya tisa, kigezo cha mshahara hakikulindi tena. Watu wengi huteleza hapa: wanakataa mara ya kwanza salama, wanadhani wana kinga, wanakataa tena mwezi unaofuata na barua ya kukatwa inaingia.

BintiPwani
Naongezea kwenye umbali na usiku. Sheria inataja umbali wa kazi na makazi lakini haikuweka idadi ya maili, kwa hiyo maili 40 peke yake usiitegemee. Itaje pamoja na mshahara na tofauti ya fani.

Na sababu ieleze jinsi ilivyo, kwa usahihi. Watu huandika "siwezi kufanya kazi usiku, sina wa kuniachia watoto" wakidhani inasaidia. Kama ndiyo kweli, sema kweli, ila ujue inafungua swali jingine: je, uko tayari kufanya kazi? Asiyekuwa tayari halipwi kwa wiki hizo, hata kama kazi yenyewe haikumfaa. Kama tatizo lako hasa ni mshahara, anza na mshahara na utaje namba zote mbili, 22 ya zamani na 17 wanayokupa.

FoklifitiFW
Asanteni sana. Nilikuwa nawaza nikubali, nikiona haifai niache. Si salama zaidi?

MzeeWaMakaratasi
Hapana, usifanye hivyo. Ukikataa, swali ni kama kazi inakufaa. Ukiingia ukaacha, umeacha kazi kwa hiari, na mzigo wa kuthibitisha sababu nzuri inayotokana na kazi yenyewe unakuwa wako. Mshahara na umbali ulivijua kabla ya kuanza, utajitetea vipi?

Wakiamua ulikataa kazi inayokufaa bila sababu nzuri, malipo yanasimama mpaka ufanye kazi wiki 6 au upate mshahara mara 6 ya mafao yako ya wiki. Kwako ni 440 mara 6, dola 2,640.

KijanaWaGoma
Ndugu, kabla ya kujibu wakala, mwombe akuandikie kwa ujumbe au barua pepe: mshahara, saa kwa wiki, mahali, tarehe ya kuanza. "Una nafasi?" ya kwenye simu si sawa na kazi uliyopewa, na ubishi mwingi kwenye rufaa unatoka hapo. Unaweza pia kumjibu kwamba foklifti mchana kuanzia dola 20 utaipokea. Hilo linaonyesha unatafuta kazi kwelikweli.

Saa zikiwa chache, fikiria kuipokea. Texas wanakuachia upate hadi robo ya mafao bila kukatwa, kwako dola 110. Ukipata 200 kwa wiki, wanalipa 350. Unaripoti mapato ya wiki uliyofanya kazi, kabla ya makato, usisubiri hundi ifike.

Barua ya uamuzi ikija vibaya, una siku 14 za kalenda, zinahesabiwa kutoka tarehe barua ilipotumwa, si siku ulipoifungua. Rufaa ni kwa maandishi: mtandaoni, faksi, posta au ofisini. Simu na barua pepe hawapokei. Usikilizaji hufanyika kwa simu, na mkalimani wa Kiswahili unamwomba mapema bila malipo. Endelea kuomba malipo kila wiki mbili wakati rufaa inasubiri, kwa sababu ukishinda wanalipa zile wiki ulizoomba tu.

FoklifitiFW
Nimemwandikia sasa hivi anitumie maelezo yote, na nimeweka alama kwenye kalenda siku wiki ya nane inapoisha.