Tuzo za vitabu India: ipi ina uzito kweli?

Kurasa_Mia
Wakuu, karibu kila riwaya ya Kimalayalam, Kikannada au Kihindi iliyotafsiriwa kwa Kiingereza ina muhuri jaladani: mshindi wa Sahitya Akademi. Washindi wanakuwaje wengi hivyo? Na hiyo Jnanpith inayosifiwa kuliko zote, inazidi wapi? Nataka kujua nifuate ipi ninapochagua kitabu.

Jalada_Gumu
Wengi kwa sababu Sahitya Akademi ya New Delhi, akademi ya taifa ya fasihi, hutoa tuzo katika lugha 24: zile 22 za Jedwali la Nane la Katiba (orodha ya lugha zinazotambuliwa rasmi), pamoja na Kiingereza na Kirajasthani ambazo hazimo humo. Fedha ni ileile kwa wote, rupia laki moja (laki yetu hii hii, ndiko ilikotoka), na bamba la shaba lililobuniwa na Satyajit Ray, yule mwongozaji filamu. Mshairi wa Kibodo, lugha ndogo ya kaskazini-mashariki, anapata sawasawa na mwandishi wa Kihindi.

Utasema ushindani haulingani, na ni kweli. Lakini kwa lugha ndogo tuzo hii ina kazi nyingine kabisa. Chukua Kikonkani cha Goa. Miaka na miaka kilibishaniwa, wengine wakisema ni lahaja tu ya Kimarathi, lugha ya jimbo jirani. Akademi ilikitambua kuwa lugha inayojitegemea mwaka 1975. Katiba ilikuja kukiingiza kwenye Jedwali mwaka 1992, miaka 17 baadaye. Kwa hiyo mtu wa Goa akiitaja ile tuzo kwa majivuno, usidhani anasifia kitabu kimoja.

Mfasiri_Kazini
Angalia mitego hii kabla hujatoa pesa.

Kwanza, majimbo nayo yana akademi zao, na majina yanafanana mno. Kerala Sahitya Akademi ni chombo cha jimbo la Kerala, siyo ile ya Delhi. Mchapishaji akilifupisha jina kwenye jalada, msomaji wa mbali hajui kilichoachwa. Siyo kwamba za majimbo ni dhaifu. Ya Kerala ina heshima kubwa kwa wasomaji wa Kimalayalam. Ila ni kitu tofauti.

Pili, muhuri unaweza kuwa wa mwandishi huku kitabu ulichoshika ni kingine. Fungua ukurasa wa hakimiliki, tafuta mwaka wa chapa ya kwanza katika lugha ya asili, usiangalie mwaka wa tafsiri. Kwa kanuni ya sasa, tuzo ya 2023 iliangalia vitabu vilivyotoka kati ya 2017 na 2021. Yaani kwenye mwaka wa tuzo toa 6 upate mwaka wa mwanzo, na toa 2 upate wa mwisho. Kitabu lazima kiwe humo katikati. Kikiwa cha 2009 na tuzo ni ya 2023, basi hicho sicho kilichoshinda. Hesabu hii usiipeleke kwenye tuzo za zamani, kanuni zilikuwa tofauti.

Tatu, kuna tuzo za Akademi hiyohiyo za tafsiri, za fasihi ya watoto na za waandishi vijana. Zote hubeba jina lake.

Bahari_ya_Wino
Kuhusu Jnanpith: hii hutolewa na wakfu binafsi, siyo serikali, na lugha zote hugombea kiti kimoja. Ya kwanza, ya 1965, alipewa G. Sankara Kurup wa Kimalayalam. Mwanzoni ilikuwa ya kitabu maalumu, lakini tangu 1982 inatazama kazi ya maisha yote. Ndiyo maana haikusaidii sana kuchagua kitabu, inakuonyesha mwandishi tu. Fedha yake ni rupia laki 11.

Lugha iliyoshinda hukaa pembeni miaka miwili inayofuata. Hata hivyo wivu haukwishi. Wakannada huwataja washindi wao 8, kuanzia Kuvempu (1967) hadi Kambar (2010), kama watu wanavyotaja makombe ya timu. Kitamil, chenye fasihi yenye umri wa karne 20, kilipata mara mbili tu katika miaka 50 ya mwanzo: Akilan na Jayakanthan. Kiingereza kilikuwa nje kabisa. Amitav Ghosh ndiye wa kwanza kukishindia, kwa tuzo ya 2018.

Kurasa_Mia
Asanteni sana. Na Booker ya Kimataifa, ile tuzo ya Uingereza ya vitabu vilivyotafsiriwa, aliyopata Banu Mushtaq wa Kikannada 2025?

Mfasiri_Kazini
Kule kitabu huingia kwa tafsiri ya Kiingereza iliyochapishwa Uingereza au Ireland, na fedha (pauni 50,000) hugawanywa nusu kwa nusu kati ya mwandishi na mfasiri, hapa Deepa Bhasthi. Lugha isiyo na mfasiri mzuri wa Kiingereza haifiki hata mlangoni. Ukitaka pa kuanzia, mimi ningechukua Karmelin ya Damodar Mauzo, ya Kikonkani, inayomhusu mwanamke wa Goa anayekwenda kufanya kazi za ndani Kuwait. Kitabu chenyewe kilipata Akademi mwaka 1983, na mwandishi akaja kupata Jnanpith. Muhuri wa hiki hauna utata.