Jamaa wa Kuze: Zuhura yuko Algarve

*ALHAMISI*

Zuhura: Assalaam aleikum jamaa. Tumefika salama, alhamdulillah. Ndege haikutimiza saa tatu. Tumepanga nyumba Tavira, kusini kabisa mwa Ureno, hadi Jumatano. Dirishani naona mto, maji yamekupwa, mashua zimelala ubavu kwenye tope. Harufu ya hilo tope imenirudisha Tudor, kwetu Mombasa.

Ami Bwanaheri: Wa aleikum salaam. Maji ya huko yapwa sana?

Zuhura: Sana Ami. Bamvua yafika mita 3 na ushei, kama ya kwetu. Mwenye nyumba amebandika jedwali la maji kwenye friji.

Ami Bwanaheri: Huyo mtu wa maana.

Swabra: Da Zuhura picha!! Lile pango lenye tundu juu utakwenda lini?

Zuhura: Benagil? Liko mbali kidogo na hapa. Na mambo yamebadilika mdogo wangu. Tangu 2024 hakuna kuogelea kuingia, wala kushuka kwenye ule mchanga wa ndani. Wapita na boti, waona, watoka. Kayaki ni mpaka uwe na kiongozi.

Hafidh (Maskati): Mimi naja Agosti na watoto wanne, na nimeshawaahidi kupiga picha pale ndani.

Zuhura: Waambie mapema. Wapeleke Praia da Marinha, ni hapo hapo karibu. Kuna njia ya miguu juu ya majabali, kama kilomita 6 kwenda, bahari yote chini yako. Lakini nakusihi kaka Hafidh, watoto wasilale chini ya yale majabali hata jua likiwa kali vipi. Ni mawe ya chokaa, yameliwa na maji. Mwaka 2009 jabali liliporomoka kwenye ufuo mmoja wa Albufeira, watu 5 wakafa. Vibao vya onyo vipo, na kila siku nasikia watu huweka mataulo chini yake.

Hafidh (Maskati): Nimekuelewa. Watakaa kwenye jua.

Mjomba Twaha: Msalkheri nyote. Zuhura mwanangu, kabla ya mapango, ujue upo wapi. Algarve ni al-Gharb, magharibi. Ilikuwa magharibi ya Andalusi, yaani Hispania na Ureno zilipokuwa chini ya Waislamu. Waislamu walitawala hapo kuanzia karne ya 8 hadi mji wa Faro ulipochukuliwa na Wareno mwaka 1249. Fungua ramani usome kwa sauti: Albufeira ni al-buhayra, ziwa. Aljezur ni al-juzur, visiwa. Mji wa Silves usiuache.

Zuhura: Naam Mjomba. Jumamosi inshallah. Jioni hii tumeingia mkahawani, mhudumu akauliza "mesa?" Kauthar akamjibu haraka, "Ndiyo, meza, tuko wanne." Ana miaka saba, Kireno hajui hata neno moja. Mpaka twaondoka alikuwa akitafuta mengine: kopo, bendera, limau.

Mjomba Twaha: Mwongeze foronya, leso, karata na parafujo. Akikua mwambie na gereza. Ni igreja, yaani kanisa. Neno likahamia kwenye ngome ya Wareno pale Mombasa, Fort Jesus, na Mwingereza alipoigeuza kuwa jela, kuanzia 1895 hadi 1958, likabaki kwenye jela.

*IJUMAA*

Zuhura: Ami, leo nimekwenda mahali kwa ajili yako. Santa Luzia, kijiji cha wavuvi wa pweza, si mbali na Tavira. Gatini vyungu vimepangwa kama vya dukani. Zamani vyote vya udongo, siku hizi vingi plastiki. Wavifunga kwenye kamba moja ndefu, waviteremsha chini bila chambo chochote. Pweza aona pango, aingia, akaa.

Ami Bwanaheri: Bila chambo?

Zuhura: Bila chochote. Nimeshika kimoja cha udongo. Kizito, shingo imelika pale kamba ilipokuwa ikisugua, tako lina tundu la kutolea maji. Ndani kumeota vijumba vyeupe vya wadudu wa bahari, vikali, vimenikwaruza kidole.

Ami Bwanaheri: Na kikivutwa juu, mbona asitoke?

Zuhura: Nilimuuliza mzee mmoja kwa ishara. Akakunja vidole vyote ndani ya kiganja, akavibana. Yaani chungu kikitikisika, pweza ajibana zaidi.

Ami Bwanaheri: Kweli kabisa. Na huku ukimgusa na chuma ajikaza mwambani, hapo ndipo umpatapo. Tabia yake ni moja bahari zote. Niletee hicho chungu.

Zuhura: Nimeshanunua Ami. Kidogo, cha udongo.

Swabra: Na ufuo jamani?

Zuhura: Tumekwenda Barril. Wavuka daraja, kisha kuna kigari-moshi kidogo mpaka mchangani. Nanga zimepangwa hapo safu kwa safu, zimeliwa na kutu mpaka zang'oka magamba. Walikuwa wakizitumia kushikilia nyavu za kutegea jodari. Jodari wakaadimika, na miaka ya 1960 kazi ikafungwa, nanga zikabaki. Maji baridi Swabra! Hii ni Atlantiki. Watoto waliingia wakipiga kelele, mimi niliishia magotini.

Zuhura: Kaka Hafidh, siku moja waweke watoto kwenye feri ya Olhão iendayo Culatra. Ni kisiwa cha wavuvi, hakuna magari. Kama Lamu, ila hawana punda. Maji yakipwa utaona watu wameinama kwenye tope wakichimba kombe. Yote hiyo ni Ria Formosa, visiwa vya mchanga na hori zake, kama kilomita 60 za pwani. Imelindwa kama mbuga tangu 1987. Tumewaona heroe kwenye mashamba ya chumvi, wamesimama mguu mmoja. Kinyonga wapo pia ila hatukubahatika.

*JUMAMOSI*

Zuhura: Mjomba nipo Silves. Ngome nyekundu yote, mawe yenyewe ndiyo mekundu. Nimeshuka kwenye birika la maji chini ya ardhi, kuba zake zimesimama vile vile.

Mjomba Twaha: Maashallah. Mwaka 1189 mfalme Sancho wa Kwanza aliuzingira mji pamoja na wapiganaji wa msalaba kutoka kaskazini. Kiu ndiyo iliyowatoa watu. Miaka miwili baadaye Waislamu wakaurudisha, kisha ukaenda moja kwa moja karne ya 13. Ukisimama kwenye birika hilo fikiria wanawake waliokuwa wakipimia watoto maji.

Zuhura: Nilikaa kimya nusu saa. Mlangoni wamemweka Sancho wa shaba, mkubwa.

Hafidh (Maskati): Kwa treni pafikika?

Zuhura: Pafikika, lakini stesheni iko kama kilomita 2 nje ya mji. Na watoto wanne panga gari. Sokoni bibi mmoja wa machungwa alisema "oxalá" nikageuka, nilidhani amesema inshallah. Kumbe ni Kireno, na asili yake ni huko huko kwenye Kiarabu.

*JUMAPILI*

Zuhura: Leo Lagos, hii ya Ureno. Nitaandika usiku. Watoto walikuwa nami, sikutaka kuandika mbele yao.

Mjomba Twaha: Chukua muda wako.

Zuhura: Asubuhi tulikwenda Ponta da Piedade. Picha nitatuma kesho, ni pazuri mno. Mchana nikaingia jumba la Soko la Watumwa, sasa ni makumbusho. Agosti 1444 walishushwa watu 235 hapo Lagos, wametekwa pwani ya Sahara. Wakagawanywa uwanjani. Mwana wa mfalme, Henrique, alikuwa juu ya farasi akingojea moja ya tano, ndiyo sehemu yake. Mama wakikumbatia watoto, wakitenganishwa. Mwandishi wao wenyewe Zurara ndiye aliyeyaandika haya.

Zuhura: Mwaka 2009 walikuwa wakichimba mahali pa kuegesha magari, nje ya kuta za mji wa zamani. Wakakuta mifupa ya Waafrika zaidi ya 150. Palikuwa jaa Mjomba. Walitupwa na takataka. Wengine mikono ilikuwa kama imefungwa. Na walijulikana ni watu wa kwetu Afrika kwa meno pia, yalikuwa yamechongwa.

Ami Bwanaheri: Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Swabra: Nyanya ametuma sauti. Nawaandikia walio kazini. Anasema: "Meno ya kuchongwa nayajua. Nilipokuwa msichana kule Kwale walikuwako Wamakonde wakifanya kazi mashamba ya mkonge, mzee mmoja meno yake ya mbele yamechongoka kama msumeno. Akicheka wajua ni yeye. Mamake ndiye aliyempeleka achongwe, akisema ni uzuri. Sasa hao nao kila mmoja alichongwa na watu wake waliompenda." Halafu anauliza, hapo jaani sasa pana nini?

Zuhura: Nyanya, pana maegesho ya magari chini, na juu wameweka gofu ndogo. Familia zilikuwa zikicheza.

Hafidh (Maskati): Watu wajua wanacheza juu ya nini?

Zuhura: Waliokuwa pale sidhani. Nilizunguka mara mbili nikitafuta kibao.

Mjomba Twaha: Hafidh, wewe ukienda Agosti waingize watoto wako kwenye hilo jumba. Wakubwa wawili wameshafika umri. Nitakuandikia la kuwaambia.

Hafidh (Maskati): Niandikie Mjomba. Nitawapeleka.

Swabra: Nyanya anauliza tena: walisomewa?

Zuhura: Mwambie tulisimama kando ya barabara, mimi na Baba Kauthar. Tukasoma Fatiha na Qul huwallahu mara tatu. Kauthar aliuliza twamsomea nani, nikamwambia watu wa zamani waliotoka mbali. Akainua mikono yake naye.

Mjomba Twaha: Wengine hatuijui dini yao, lakini ni watu. Wa kwanza wale wa Sahara bila shaka Waislamu walikuwamo.

Swabra: Nyanya anasema Ijumaa atawatia kwenye khitma pamoja na wetu. Anataka idadi kamili.

Mjomba Twaha: Mwambie 235 wa mashua, na hao wa jaani zaidi ya 150.

Swabra: Ameandika kwenye daftari lake.