Mjadala: Ghorofa ya zege juu ya nyumba za matumbawe Mji wa Kale, Mombasa, iruhusiwe?

Mkaazi, Kibokoni: Nyumba mbili zimeshikana, ukuta mmoja katikati. Upande mmoja mwenyewe anataka kuvunja paa amwage slabu aongeze ghorofa. Msimamo wangu: kaunti isitoe kibali cha kazi kama hiyo, na simiti ipigwe marufuku kwenye kuta hizi. Matumbawe na chokaa hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa kupitia plasta. Ukishapiga simiti, maji yanakosa njia, yanazidi kupanda, chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuibandua. Ikidondoka inaondoka na uso wa jiwe.

Mwenye nyumba, Kuze: Marufuku ni rahisi kwa asiyemlipa fundi. Mikoko haikatwi bila leseni, na boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo sababu vyumba vyetu vyembamba. Watoto wameoa, kiwanja hakiongezeki. Chokaa ukutani sibishi. Slabu naitaka. Tena, dari zetu za zamani si nyepesi: matumbawe na chokaa sentimita 25 juu ya boriti. Mbona hizo hamzilaumu?

Injinia, Tudor: Hapo mwenye nyumba kasema kweli. Slabu ya sentimita 15 ni kilo 360 kwa mita ya mraba. Dari nene ya zamani yaweza kupita kilo 400. Lakini wewe huondoi ile ya kwanza, unaongeza juu yake. Chumba cha mita 3 kwa 5 ni tani 5.4 zaidi, kabla ya kuta mpya na tanki la lita 1,000, ambalo likijaa ni tani nzima. Tena mihimili ya zege inataka matundu ukutani, na ukuta huo huo umeshika ncha za boriti za jirani. Ukichimba upande wako, unalegeza za kwake. Vyuma navyo, kwa hewa yetu ya chumvi, vikifunikwa zege kidogo vinaota kutu, vinavimba, zege linapasuka.

Njia ninayoiona: toa dari iliyooza, weka sakafu ya mbao, kilo 50 hivi kwa mita ya mraba, kisha ghorofa ya fremu ya mbao na paa la mabati. Uzito ulioutoa ndio unaokupa nafasi ya kupanda.

Mkaazi, Kibokoni: Kwa hiyo tuokoe ukuta tupoteze dari? Boriti nyingi zimeoza ncha tu, pale bafu linapovujia. Dunga sehemu iliyobaki kwa bisibisi. Isipozama zaidi ya ukucha, kata ncha, unga mbao ngumu, ziba bomba. Kuitupa yote ni uvivu.

Fundi wa chokaa, Bondeni: Mnabishana juu, chini kunaharibika. Plasta ya simiti itolewe kwa tindo na nyundo ndogo. Mashine inavunja tumbawe. Ukuta uachwe wiki kadhaa upumue, chumvi ipigwe brashi kavu, usioshe. Chokaa iliyolowekwa, sehemu 1 kwa mchanga 3, mchanga wa mto, si wa pwani. Kila mkono wa plasta usizidi sentimita 1, na magunia yaliyoloweshwa maji yaning'inizwe mbele yake siku za mwanzo, la sivyo jua la kaskazi litaipasua. Rangi ya plastiki juu yake, kazi yote bure.

Mwenye nyumba, Kuze: Haya, mbao. Jirani akisema nimempasulia ukuta?

Injinia, Tudor: Kabla ya nyundo ya kwanza, ingieni nyumba zote mbili na mpige picha kila ufa, tarehe ikiandikwa. Kwenye ufa mkubwa bandikeni kipande chembamba cha kioo kwa plasta, pande zote mbili za ufa. Kikivunjika, ukuta unasogea na kazi inasimama. Nakala ya picha abaki nayo jirani.

Mkaazi, Kibokoni: Na kibali je? Bado sijakubali dari itupwe.