Wufa ya inchi 8 au 12, amplifaya moja au tatu? Spika ya njia tatu ya kujitengenezea

Pangani77

Wakuu, habari za jioni. Nataka kujitengenezea spika mbili za njia tatu za sebuleni: wufa ya besi, midi ya sauti za kati na twita ya sauti za juu. Sebule ni mita 4 kwa 5, kuta za tofali, juu jipsamu. Nasikiliza zaidi dansi la zamani lililorekodiwa Redio Tanzania, taarabu, na kwaya. Sitafuti kishindo. Nataka nikikaa kwenye kochi nilisikie gitaa la solo na la ridhimu kila moja na njia yake, na maneno ya mwimbaji yasimezwe.

Nimekwama sehemu mbili. Kwanza wufa. Ipo ya inchi 12, ya aina ya ukumbini: Fs (masafa ambayo koni hutikisika yenyewe) 50 Hz, Qts (kipimo cha jinsi mtikisiko huo unavyozuiwa) 0.30, Vas (hewa yenye ulaini sawa na wa koni) lita 75, na sauti 97 dB kwa wati 1. Na ipo ya inchi 8 ya nyumbani: Fs 30 Hz, Qts 0.40, Vas lita 70, 88 dB. Zote omu 8. Kusema kweli moyo unaivuta ile ya 12.

Pili amplifaya. Ama bodi moja ya amplifaya ya TDA7294 kila upande, na krosova (kigawanya masafa) ya koili na kapasita ndani ya boksi. Ama DSP (kichakata sauti cha kidijitali, kinachogawa masafa kabla ya amplifaya) ya ADAU1701 mbele, halafu bodi tatu za amplifaya za TPA3116 zenye njia mbili kila moja, ili kila wufa, midi na twita iwe na njia yake. Midi ninayo tayari, inchi 5, 89 dB. Twita ni ya kuba la hariri, 28 mm, 91 dB. MDF ya mm 18 ipo. Naomba mawazo kabla sijakata mbao.

Fundi Gerezani

Mkuu, ya 12 iache dukani. Si mbaya, ila imetengenezwa kwa kazi nyingine, na hizo namba ulizoandika zinalisema jambo lenyewe.

Chukua boksi lililozibwa, lisilo na tundu, lenye besi iliyotulia (Qtc, yaani Qts wufa ikishafungwa kwenye boksi, iwe 0.707). Gawanya 0.707 kwa Qts, zidisha kwa Fs. Ya 12: 0.707 ÷ 0.30 × 50, ni 118 Hz. Kuanzia hapo kushuka chini, besi inaporomoka. Uzi mnene wa gitaa la besi uko 41 Hz, kwa hiyo utasikia kidole kikigonga uzi lakini mwili wa noti haupo. Ya inchi 8: 0.707 ÷ 0.40 × 30, ni 53 Hz, na boksi lake ni lita 33 tu. Ndogo imeshuka kuliko kubwa. Wateja wangu wengi hawaliamini hili mpaka nizifunge zote mbili mbele yao, kwa sababu tumezoea kupima besi kwa upana wa koni.

Zile 97 dB zinatokana na koni nyepesi na sumaku kubwa. Boksi dogo, besi ya chini na sauti kubwa kwa wati chache havikai pamoja. Utachagua viwili, cha tatu utakilipia.

Kirumba_Mwz

Namuunga mkono fundi kwa sebule, lakini ya 12 isidharauliwe. Ninazo mbili kwenye maboksi yenye tundu, huwa nazitoa uani kukiwa na shughuli. Tofauti ya 97 na 88 ni 9 dB. Kila 3 dB ni wati mara mbili, kwa hiyo pale ya 12 inapokula wati 1, ya inchi 8 inataka wati 8. Uwanjani hilo ni jambo kubwa. Ndani ya mita 4 kwa 5 halina maana.

Bi Sauti

Mimi nipo upande wa DSP, na naomba nieleze kwa nini, kwa sababu nilianza na krosova za koili na nikahama.

Vikokotoo vya mtandaoni vinakudhania wufa ni omu 8 kila mahali. Sivyo. Ukiipima, ya omu 8 inaweza kufika omu 30 au 40 kwenye Fs yake, halafu ikapanda tena huko juu kwa sababu ya koili yake ya ndani. Krosova uliyoikokotoa 400 Hz inajikuta imekatia mahali pengine kabisa. Niliunda ya namna hiyo mwaka wa kwanza, sauti za wanawake kwenye taarabu zikawa kama zinatokea ndani ya ndoo. Kwa DSP unakata pale unapotaka, unapima kwa maikrofoni na programu ya kompyuta ya REW, ambayo ni ya bure, unarekebisha, unapima tena. Jioni moja inatosha kujaribu krosova kumi bila kuchomelea waya hata mmoja.

Lakini nisikufiche nililofanya. Bodi niliyouziwa haikuwa na programu ndani. Nikaunga kila kitu, nikawasha, ikapitisha masafa yote kwenye njia zote. Twita zangu mbili ziliungua kabla wimbo haujafika kiitikio. Tangu siku ile, twita yangu haiguswi na amplifaya mpaka iwe na kapasita mbele yake. Mikrofaradi 22 inatosha kwa ulinzi.

Halafu kuna kitu hujakihesabu, kaka. ADAU1701 ina njia mbili za kuingilia na nne za kutokea. Spika mbili za njia tatu zinataka sita. Utalazimika kununua bodi mbili.

Mkaazi wa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Mimi nizungumzie amplifaya, kwa sababu nyingi nazifungua mezani kwangu zikiwa zimekufa.

TPA3116 ni nzuri ila usidanganyike na maandishi ya kwenye boksi. Hizo wati 50 ni kwa spika ya omu 4, volti 21, na mkwaruzo wa asilimia 10. Mkwaruzo huo hata mtoto anausikia. Kwa omu 8 na volti 24, hesabu haiwezi kuvuka wati 36, na safi ni pungufu ya hapo. Kwa midi na twita ni nyingi mno, kwa wufa ni chache.

TDA7294 napenda zaidi kwa besi. Transfoma iwe ya volti 25-0-25. Ukishatoa kwenye daraja la dayodi na kapasita unapata kama volti 35 chanya na 35 hasi. Watu wanaweka 30-0-30 wakitafuta wati, inafika volti 42 kila upande, ilhali kiwanda kinasema isifanye kazi zaidi ya 40. Siku umeme ukipanda kidogo, inapasuka na inaenda na wufa. Hizo ndizo ninazoletewa. Na IC (chipu) bandia ni nyingi. Mimi husugua maandishi kwa pamba yenye asetoni. Yakifutika mara moja, nairudisha.

Pangani77

Wakuu asanteni sana, ya 12 nimeiacha. Ila sasa nimechanganyikiwa zaidi kwenye amplifaya: Bi Sauti anasema njia sita, Kisauni anasema TPA haitoshi wufa. Nikinunua DSP mbili bajeti inakwisha kabla ya gundi. Nirudi kwenye koili?

Fundi Gerezani

Usirudi kote. Rudi nusu.

Tatizo la koili liko chini, kwenye 400 Hz, kati ya wufa na midi. Kwa krosova ya aina ya Linkwitz-Riley, yenye mteremko wa 12 dB kwa oktavu (kila masafa yanapoongezeka au kupungua maradufu), unahitaji koili za milihenri 6.4 na kapasita za mikrofaradi 25. Koili hiyo ukiisuka kwa waya wa mm 1 bila chuma ndani, inakupa upinzani wa zaidi ya omu 1, na amplifaya inapoteza mkono wake juu ya wufa. Juu, kwenye 3,000 Hz, kati ya midi na twita, mambo ni mepesi: koili ya milihenri 0.85 na kapasita ya 3.3. Na uzuri ni kwamba huko juu twita tayari ina kapasita mbele yake, lililompata Bi Sauti haliwezi kukupata.

Kwa hiyo: DSP moja, njia zake nne. Mbili ziende wufa kupitia TDA7294. Mbili ziende TPA3116 moja, inayolisha midi na twita kupitia krosova ndogo ya ndani. DSP ya pili haihitajiki tena, na TPA3116 mbili kati ya zile tatu hazihitajiki.

Twita ipunguze 2 dB ilingane na midi: rezista ya omu 1.6 kwa mfululizo, na ya omu 30 sambamba na twita. Geuza nyaya za twita, chanya kwa hasi, mteremko huo unataka hivyo. Hizo ni za kuanzia. Ukishapima utaongeza au kupunguza.

Ubao wa mbele ufanye sm 28. Sauti za chini hulizunguka boksi zikakimbilia nyuma, za juu husukumwa mbele na ubao. Mpaka wake unaupata kwa 115 ÷ upana kwa mita, yaani 115 ÷ 0.28, kama 410 Hz. Umeangukia palepale wufa inapopokezana na midi, basi tofauti unaimaliza kwa kushusha midi na twita 4 au 5 dB ndani ya DSP. Jumla utabaki na kama 84 au 85 dB. Wati 32 zinakupandisha 15 dB juu ya hapo, unafika karibu 100 kwa mita 1. Sebuleni hutafika huko.

Midi ipe chumba chake cha peke yake ndani ya boksi, kilichozibwa. Ukiiacha kwenye hewa moja na wufa, kila pigo la besi litaisukuma koni yake, na gitaa ulilolitaka litakuwa linatetemeka.

Bi Sauti

Hii nusu kwa nusu nimeikubali. Koili za 0.85 usinunue, nenda kwa fundi anayesuka mota. Mimi nilimpelekea kipande cha bomba la PVC na visahani viwili vya plaiwudi, akaviweka kwenye mashine yake ya mkono, ileile ya kusukia feni. Alizungusha, mimi nahesabu kwa sauti, kila mizunguko 20 tunasimama, nakwangua ncha ya waya kwa wembe napima kwa mita ya LC (ya kupimia koili na kapasita). Mwambie apitilize kidogo. Kupunguza mizunguko ni rahisi, kuunga waya ni shida.

Pangani77

Nimeipata. Wufa mbili za inchi 8 nimezichukua leo mchana, multimita inasoma omu 6.1 na 6.0, kawaida kwa wufa ya omu 8. Nimezigusisha betri ya volti 1.5 kuhakiki chanya na hasi, zote mbili koni imetoka nje chanya ikiwa kwenye nyekundu. Fundi mmoja wa feni hapa mtaani amesema nimletee bomba Jumamosi asubuhi.