Kitabu cha picha cha historia ya safari za anga: nichukue kipi kati ya hivi vitatu?

mama_Z
Wadau, habari zenu. Binti yangu ana miaka 11 na akili yake yote iko kwenye roketi. Nani alitangulia kwenda anga na nani alikanyaga Mwezi, hayo ameshayamaliza. Sasa anauliza walirudije, walilala wapi, na ile roketi ndefu vile iliishia wapi. Nataka nimnunulie kitabu chenye picha, cha kudumu naye mpaka awe mkubwa.

Nimechuja nikabaki na vitatu. Cha kwanza ni kikubwa, jalada gumu, picha za kamera tupu na maneno machache. Cha pili kimechorwa kwa mkono, kinapasua vyombo na kuonyesha vilivyomo ndani. Cha tatu kinakwenda mwaka kwa mwaka na kimejaa maelezo, ila ni chapa ya miaka ya 1980. Picha nyingi naona ni zilezile kila kitabu. Nyie mnaojua, mnaangalia nini hasa? Uwezo ni wa kimoja kwa sasa, cha pili labda baadaye.

Kimondo
Dada, picha kufanana kuna sababu. Picha nyingi za NASA, shirika la anga la Marekani, hazina hakimiliki, mchapishaji yeyote anaruhusiwa kuzitumia. Kwa hiyo usilipie picha, lipia akili ya aliyezichagua na kuziandikia maelezo.

Mimi kitabu cha aina hii nakifungua kwanza palipo na Apollo 11, safari ya kwanza ya watu kutua Mwezini, Julai 1969. Natafuta ile picha maarufu ya mwanaanga aliyesimama kaielekea kamera, kioo cha kofia yake kinang'aa, halafu nasoma maelezo ya chini. Yakisema huyo ni Neil Armstrong, nakirudisha rafuni. Huyo ni Buzz Aldrin. Kamera muda mwingi ilikuwa kwa Armstrong, ndiyo maana picha zake mwenyewe akiwa juu ya Mwezi ni chache mno. Katika hiyo maarufu anaonekana kadogo ndani ya kile kioo, pamoja na chombo walichotua nacho. Mwandishi makini atakuonyesha hilo, na mtoto atahangaika nalo jioni nzima.

Angalia pia juu ya kichwa cha Aldrin. Kwenye filamu halisi picha inaishia karibu kabisa na utosi wake. Weusi mpana unaouona kwenye vitabu vingi uliongezwa baadaye ili picha ikae vizuri. Sina ugomvi na kuongeza, ila kitabu kinachosema wazi kinanipa imani na kurasa nyingine. Vilevile vialama vya msalaba vilivyotawanyika kwenye picha za Mwezini. Vilitokana na bamba la kioo ndani ya kamera, vilisaidia kupima umbali na ukubwa wa vitu. Aliyevifuta amempunguzia msomaji.

fundi_mitambo
Kimondo kasema kweli, lakini someni tena swali la mtoto. Anauliza "walirudije". Picha ya kamera inakuonyesha chombo kwa nje, na mara nyingi kikiwa kimesimama. Kinachojibu swali lake ni mchoro. Namba mbili, sisiti hata kidogo.

Chukua Saturn V, roketi iliyowapeleka Mwezini. Ilisimama mita 110.6. Kilichorudi duniani na watu watatu ni kile kidude chenye umbo la pia karibu na ncha, upana wake haufiki mita 4. Vingine vyote viliachwa njiani. Hatua ya kwanza, yaani kile kipande cha chini chenye injini zake, iliwaka kama dakika mbili na nusu, ikaangukia baharini. Ya pili nayo baharini. Ya tatu, kuanzia Apollo 13 hadi 17, ilielekezwa makusudi ikagonge Mwezi ili vipimo vya mitetemo vilivyoachwa kule vipate cha kusikiliza. Miguu ya chombo cha kutua bado iko kule mpaka leo. Mchoro mmoja wa kurasa mbili unamaliza maswali mawili kati ya matatu ya binti yako.

Sasa namna ya kuukagua. Kuwe na mtu mdogo kachorwa pembeni ili ukubwa uonekane. Mishale itaje sehemu kwa majina na kazi zake, isiwe mapambo. Na fungua kwenye Vostok, chombo cha Gagarin, mtu wa kwanza kwenda anga: je, kiti cha kumrusha rubani nje kimechorwa? Gagarin, 12 Aprili 1961, hakutua ndani ya chombo. Alirushwa nje na kiti chake akiwa kimo cha kilomita 7 hivi, akashuka kwa parachuti yake mwenyewe. Wasovieti walilificha hilo kwa miaka. Mchoraji anayelijua, ujue kasoma.

karatasi_nzito
Kabla ya yote fungua katikati. Kama roketi imelazwa kurasa mbili na tumbo lake limezama kwenye mkunjo, umenunua nusu roketi. Tafuta kilichoshonwa kwa uzi, maana cha gundi tupu mtoto akikilaza sakafuni mara kadhaa kurasa zinaanza kutoka.

Baba_Jabali
Naomba nikitetee cha tatu. Vitabu vya miaka ile vilimwamini mtoto, vilimpa aya ndefu na takwimu za kutosha. Siku hizi unakuta ukurasa mzima una sentensi mbili na nyota za kung'aa. Mwaka kwa mwaka pia kunamwonyesha mashindano ya Wasovieti na Wamarekani yalivyokwenda: Sputnik, satelaiti ya kwanza, Oktoba 1957, mbwa Laika mwezi uliofuata, chombo Luna 3 mwaka 1959 ikileta picha za kwanza za upande wa Mwezi tusiouona. Kile chombo kilisafisha filamu yake chenyewe kikiwa huko huko angani, kisha kikatuma picha kwa redio!

Kimondo
Baba Jabali, heshima yako, na kuhusu aya ndefu nakuunga mkono. Tatizo ni yale ambayo dunia ilikuwa haijaambiwa. Roketi ya N1, ambayo Wasovieti waliijenga ili wapeleke mtu Mwezini, ilirushwa mara 4 kati ya 1969 na 1972 na zote zilishindwa. Kitabu cha wakati ule hakiwezi kukuchorea. Kuhusu Laika, ilisemwa kwamba aliishi angani siku kadhaa. Mwaka 2002 ndipo ikaelezwa hadharani kuwa alikufa saa chache tu baada ya kuruka, kwa joto. Na kuna picha ya pamoja ya wanaanga wa kwanza wa Kisovieti, ya 1961, ambamo Grigori Nelyubov alifutwa baada ya kufukuzwa kikosini. Vitabu vya zamani vilichapa ile iliyofutwa bila kujua. Kiwe cha nyongeza, lakini cha kwanza mkononi mwake, hapana.

Baba_Jabali
Hapo kwenye N1 umenipata. Basi akikinunua asome na mtu mzima pembeni.

mama_Z
Asanteni sana, nimeviangalia upya. Cha kwanza maelezo yake yamemtaja Aldrin, na msalaba mmoja mmoja unaonekana. Cha tatu kinasema kweli Laika aliishi siku kadhaa. Nina swali jingine: cha pili kina kurasa za ajali, za vyombo vya Kimarekani Apollo 1 na Challenger. Binti ana moyo mwepesi. Ni sawa kwa umri wake?

Mwalimu_Subira
Ni sawa, dada yangu, mradi kitabu kieleze chanzo na kutaja majina ya watu. Nimewasomea watoto wa umri huo habari za Apollo 1, Januari 1967. Grissom, White na Chaffee walikuwa kwenye mazoezi chini, chombo kimejaa oksijeni tupu, moto ukazuka, na mlango ulifunguka kwa kuvutwa ndani, hivyo mgandamizo ukaubana, wakafa wote watatu. Mlango ukasanifiwa upya ufunguke kwa nje. Watoto wanashika hilo la mlango, wanataka kuuona kwenye mchoro. Challenger, 1986, vivyo hivyo: mpira wa kuziba maungio ulikakamaa kwa baridi, na sekunde ya 73 baada ya kuruka watu 7 wakapoteza maisha. Ninachokikataa ni kitabu chenye picha kubwa ya moshi isiyo na jina la mtu hata mmoja. Zisome wewe kwanza, kisha msome pamoja.

rangi_za_maji
Mmesahau wachoraji wenyewe! Chesley Bonestell alichora Mwezi wenye milima iliyochongoka kama meno miaka mingi kabla ya mtu kufika. Wanaanga wakakuta vilima vya mviringo, lakini michoro ile ndiyo iliyowatia watu hamu ya kwenda. Naye Alexei Leonov, mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo, Machi 1965, alichora macheo akiwa angani, kwa penseli za rangi zilizofungwa nyuzi zisielee. Kitabu chenye mchoro ule kingenipata mara moja. Tahadhari moja: siku hizi kuna vitabu vilivyojazwa picha zilizotungwa na kompyuta. Hesabu injini za Saturn V kwa chini. Hatua ya kwanza ina 5, moja katikati na nne pembeni. Zikiwa 6 au 7, funga.

mama_Z
Nimezihesabu, ni 5. Na kwenye Vostok kiti kipo, kimechorwa kikiruka na mtu juu yake. Cha pili naagiza leo. Cha kwanza nitakifuata baadaye, kwa sababu ya Aldrin na kile kioo.

fundi_mitambo
Safi sana. Kikifika mwanzishe kwenye Soyuz, chombo cha Kirusi cha kubeba watu, maana lile swali la "walilala wapi" lina jibu zuri pale: mwangalie chumba cha mbele chenye umbo la mpira, na jinsi kinavyoachwa kabla ya kurudi.